Sanduku la Afande Obita

Nabwire alipewa pole ya msiba wa mama yake akiwa juu ya ngazi, anamshushia mteja jora la kitenge. Duka alilofanyia kazi lilikuwa ndani kabisa ya soko la Kikuubo, pale ambapo mpagazi akipita na mzigo wake watu wote hubana migongo ukutani. Aliyempa pole alikuwa Wanjala, mtu wa kwao Funyula, upande wa Kenya, ambaye alikuja Kampala mara kwa mara kununua bidhaa za kuuza Busia.

"Pole sana, dada," alisema Wanjala, kofia mkononi. "Mama alikuwa mtu wa watu. Tulikungoja, tukakungoja, mwishowe wazee wakasema jua linazama, azikwe."

"Mama yupi?" aliuliza Nabwire.

Wanjala alimtazama usoni, kisha akaangalia chini. Hapo ndipo Nabwire aliposhuka ngazi, polepole, jora bado kifuani, akakaa juu ya furushi la nguo ambalo halijafunguliwa. Mteja aliona mambo si mambo, akaondoka bila kununua.

"Lini?" Nabwire aliuliza.

"Kabla ya mvua. Mahindi tuliyopanda baada ya matanga sasa yamebeba. Kaka yako Byron alikuandikia mama alipougua. Akakuandikia tena alipozidiwa, na tena alipofariki. Kila mara alikwenda posta mwenyewe na baiskeli. Sasa, dada, nikufiche? Ndugu yako anasema umekuwa mtu wa Kampala, umemtupa mama."

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Simu ya mkononi ilikuwa kitu cha kuonekana kiunoni mwa tajiri, na habari za nyumbani zilikuja kwa barua. Lakini Kampala hapakuwa na tarishi wa kuja kubisha mlangoni. Barua iliishia kwenye sanduku la posta mjini, na mpangaji asiye na sanduku alitumia la mwenye nyumba. Nabwire alipanga mtaa wa Kansanga, kwenye safu ya vyumba iliyo nyuma ya baa za barabara ya Ggaba, na mwenye nyumba wake alikuwa Obita.

Obita alikuwa sajini wa polisi aliyestaafu, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya gwaride. Wapangaji wote walimwita Afande. Ufunguo wa sanduku aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na Jumapili akishakula alikaa barazani na barua mapajani, akaita majina. Mwanaume aliitikia amesimama wima. Mwanamke alipiga magoti. Aliyemkosea Afande wiki hiyo hakuitwa, na wenzake walicheka kidogo, wakisema leo fulani yuko mahabusu.

Nabwire alimkosea mwanzoni mwa mwaka. Obita alikuwa amefunga bomba la maji kwa sababu mtoto mmoja alikanyaga maua yake, na nyumba nzima ikashinda na kiu. Kila mtu alinung'unika chumbani kwake. Nabwire alitoka na ndoo tupu, akamwambia mbele ya watu, "Afande, hapa si kituo cha polisi. Tufungulie maji." Maji yalifunguliwa. Jina lake halikuitwa tena.

Mwanzoni hakujali. Aliona ni hasira za mzee, zitapoa. Miezi ilipozidi akageuza lawama nyumbani: Byron ni mvivu wa kuandika, mama yuko shambani, wote wamemsahau. Yeye naye alinuna, akaacha kuandika. Jambo hilo ndilo lililomchoma zaidi pale juu ya furushi, kwamba alikuwa amemnunia marehemu.

Hiyo ilikuwa Jumamosi asubuhi. Aliomba ruhusa kwa mwenye duka, akaenda moja kwa moja posta. Karani alikagua namba ya sanduku, akainua mabega.

"Hakuna kitu ndani, nyabo. Mwenyewe huja, hufungua, huchukua zote."

"Zikija kwa jina langu?"

"Sisi tunajua namba. Jina lako analijua mwenye ufunguo."

Basi barua hazikupotea njiani. Nabwire alirudi Kansanga kwa miguu, njia yote ile, kwa sababu hakutaka kukaa karibu na mtu yeyote. Jirani yake Emérence, Mkongomani aliyesuka nywele kando ya barabara, alimkuta amekaa sakafuni, viatu havijavuliwa. Alipoelezwa, alifunga mlango, akakaa naye. Walilia pamoja mpaka kanga ya Emérence ikalowa.

"Hata ya dada yangu wa Bukavu sijaona," alisema Emérence. "Nilifikiri vita imemumeza. Sasa tutafanya nini? Huyu mutu ana nyumba."

"Ana nyumba," alisema Nabwire. "Mama yangu hakuwa mpangaji wake."

Jumapili Obita alikula, akatoka barazani, akafungua kifungo cha juu cha shati. Wapangaji walikuwa wamesogea kama kawaida. Aliita jina la kwanza, lakini kabla mwenyewe hajafika Nabwire alishatoka mstarini, akasimama mbele ya kiti. Hakupiga magoti.

"Afande, naomba barua zangu."

"Nani amekuita?"

"Hakuna aliyeniita. Mama yangu amekufa, amezikwa, na mimi nauza vitenge Kikuubo sina habari. Ndugu yangu aliniandikia. Posta wanasema ulizichukua. Nipe."

Mwanamke mmoja alishika mdomo. Obita alionekana kushtuka, ila haraka akakunja uso.

"Wewe Mkenya, sikia. Hii sanduku ni yangu. Nalipia mimi. Kitu inaingia ndani ya sanduku yangu ni yangu, natoa kwa mtu ana heshima."

"Bahasha ina jina langu."

"Na nyumba ina jina langu! Funga vitu vyako. Leo hii unatoka."

Nabwire alijua wako watu wanaotolewa hivyo, godoro linatupwa kwenye matope na mvua inalimalizia. Alijua pia kwamba kama angerudi nyuma hatua moja, asingepata tena nguvu za kusimama pale.

"Sitoki," alisema. "Ukitaka, waite polisi wenzako waje wanibebe. Nitawaambia wakiwa wamenibeba kwamba nadai barua za kifo cha mama yangu. Nitapiga kelele kutoka hapa mpaka kituoni Kabalagala."

Obita alisimama. Alikuwa mrefu kumzidi kwa kichwa kizima, na ngumi yake ilikuwa imefumbwa. Ocen, mlinzi wa ghala aliyekaa chumba cha mwisho, kijana wa huko huko kaskazini ambaye hakuwahi kumjibu Afande zaidi ya "ndiyo", alisogea akasimama kando ya Nabwire. Emérence naye akaja, mikono kiunoni.

Wakati huo huo pazia la mlango lilisogea, akatoka Concy, mke wa Obita. Wapangaji walimwita Mama Atoo, kwa jina la binti yake. Alikuwa mtu wa kimya, anayesalimia kwa kutikisa kichwa tu. Mikononi alibeba kasha la bati, lile la zamani ambalo polisi hupewa kambini, na lilimwelemea. Alilitua chini barazani, mbele ya miguu ya mumewe, akalifungua.

Lilikuwa limejaa barua.

"Concy, rudisha ndani," alisema Obita.

"Sirudishi." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hapakuwa na mtu aliyeikosa. "Mimi sikuzika mama yangu kwa sababu ya vita. Barabara ya Kitgum ilikuwa inachomeka, nani alikuwa anaweza kupita? Nililia hapa jikoni, uliniona. Huyu, nani alimufungia barabara? Ni wewe, Obita. Mutu mumoja, na ufunguo."

Obita alitazama watu, mmoja mmoja, kama anatafuta wa kumcheka Concy. Hakumpata. Aliketi tena, na ghafla akaonekana mzee tu aliyeshiba chakula cha mchana.

Nabwire alipiga magoti sasa, mbele ya kasha. Za kwake alizipata haraka. Mwandiko wa Byron aliujua, zile herufi za kulala kama majani yaliyopigwa na upepo. Alizitia kifuani bila kuzifungua, kisha akaendelea kutoa nyingine, akisoma majina kwa sauti. Ya Emérence kutoka Bukavu. Za Ocen, tena kadhaa, kutoka kwa mkewe Acen aliyekuwa Gulu. Za watu waliohama zamani, ambao hakuna aliyejua walikokwenda. Ocen alisoma zake akiwa amesimama, akaketi, akasoma tena. Mtoto wake alikuwa amezaliwa, amepewa jina, na ameota meno.

"Ameniona baba mbaya," alisema, kama anajisemea. "Ananiuliza humu mbona sijibu."

Za kwake Nabwire alizisoma chumbani, mlango wazi. Ya kwanza ilisema mama anaumwa na anamtaja. Ya pili ilisema njoo. Ya mwisho ilikuwa fupi sana, na Byron hakuweka hata salamu.

Kesho yake Obita, ambaye usiku ulimrudishia ukali, alimpeleka Nabwire kwa mwenyekiti wa mtaa, akidai mpangaji huyu amevunja amani na ahame. Mwenyekiti alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, aliwasikiliza huku akiwauzia watu misumari. Nabwire hakuja peke yake. Karibu safu nzima ya vyumba ilikuja, na kila mtu alikuwa na bahasha yake iliyochakaa.

"Afande," alisema mwenyekiti mwishowe, "nyumba ni yako, hilo hakuna anayekataa. Lakini barua ya mtu ni ya mtu. Ukimtoa huyu kwa sababu hii, nami nitaandika kwa wakubwa nieleze sababu ni ipi. Sasa unataka niandike?"

Obita hakutaka aandike. Walipokuwa wanatoka alimwambia Nabwire kwa sauti ya chini, "Utahama tu."

"Nitahama siku nitakayotaka mimi, Afande. Leo sitaki."

Alikaa, lakini hakukuwa kukaa kwa raha. Obita hakuitikia salamu yake tena. Taa ya mlangoni pake ilikufa na hakuna aliyekuja kuitengeneza, kwa hiyo akanunua balbu mwenyewe. Concy ndiye aliyemshangaza, kwani alianza kupita na kukaa naye kizingitini jioni, akichambua mboga, wakiongea habari za mama zao.

Wiki ile ile Nabwire, Emérence na Ocen walikwenda posta kukodi sanduku lao. Karani aliuliza fomu aiandike kwa jina la kampuni gani.

"Hakuna kampuni," alisema Nabwire. "Sisi ni wapangaji."

"Kwa kawaida ni kampuni, au shule, au..."

"Andika wapangaji."

Karani aliandika jina la Nabwire, akaongeza ya wale wawili chini yake. Walipewa funguo, na Emérence akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kulia.

Hapo ndipo Nabwire aliposafiri kwenda Funyula. Hakutaka kwenda mapema kuliko hivyo, ingawa watu walimwambia akimbie. Alisema hawezi kurudi nyumbani kama mtu asiyepatikana.

Byron alimkuta tayari yuko kwenye kaburi la mama, ameweka mkoba kando, anang'oa magugu. Kaka mtu alisimama mbali, jembe begani.

"Umefuata nini?" aliuliza. "Matanga yaliisha."

"Nimekuja kumlilia mama yangu."

"Nilikuandikia."

"Uliandika. Mtu alizifungia ndani ya kasha nyumbani kwake, na nimezitoa kwa nguvu. Barua zenyewe ziko kwenye mkoba, ukitaka kuziona. Lakini sikuja kukuonyesha ushahidi, Byron. Hukuja hata kunitafuta. Wanjala amenipata Kikuubo bila kuambiwa duka. Wewe ulikaa hapa, ukasema nimekuwa mtu wa Kampala."

Nabwire aliinama akaendelea na magugu, na sasa machozi yalikuwa yanadondoka kwenye udongo, hakuyafuta. Alimlilia mama yake kwa sauti kubwa, kama walivyolia wenzake siku ya mazishi, majirani wakatoka kwenye migomba kuangalia, na hakujali nani amesema nini. Baadaye alisikia jembe likilima upande wa pili wa kaburi. Kaka yake alikuwa anafanya kazi kwa kichwa kilichoinama, na walikwenda hivyo, kila mmoja upande wake, mpaka wakamaliza.

Asubuhi ya kuondoka, Nabwire alichukua kipande cha mkaa jikoni. Aliingia chumbani kwa mama, akaandika ukutani, juu ya kitanda, namba ya sanduku lake la posta, kwa herufi kubwa ambazo hata mtoto angesoma kutoka mlangoni.

"Unachafua ukuta wa marehemu," alisema Byron.

"Usiufute," alisema Nabwire, akanyanyua mkoba wake.