Kivuli Kilichobaki Shambani

Mama Pacha alikuwa akipalilia mahindi, jembe likigonga udongo kama linagonga sakafu, bwana shamba alipofika na pikipiki yenye makreti ya miche. Alikuwa akizunguka kuuliza wakulima wanapenda miti gani ya kuchanganya na mazao. Wanaume walikwishamjibu kwamba wanataka ya mbao. Mama Pacha alisema anataka ile inayopukutisha majani yakawa mbolea, maana ardhi imechoka kuliko yeye.

"Basi utapanda?"

"Kupanda napenda. Ruhusa ndiyo sina."

Bwana shamba akacheka, akidhani ni utani, akamwachia miche.

Shamba lilikuwa la marehemu mumewe, yaani la ukoo. Pacha wenyewe, wasichana wote wawili, walikwisha kuolewa mbali. Mama Pacha akapanda miche katikati ya mistari, akaimwagilia maji ya kuoshea vyombo, na ilipomfika kifuani, shemeji yake akaja.

Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemuuguza kaka yake hadi mwisho. Alizungumza kwa upole.

"Shemeji, mahindi yanavunwa yanakwisha. Mti unabaki. Kesho utasema shamba ni lako."

"Mti ni wa udongo, shemeji. Mimi nauchunga tu."

Shemeji akaing'oa yote kwa mikono yake, akaifunga mafungu, akamwekea mlangoni iwe kuni. Mama Pacha akamshukuru, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa, akaipikia.

Kesho yake kivuli kilikuwa bado kipo. Pale kila mti ulipokuwa umesimama, kivuli chake kililala juu ya mahindi, kikalifuata jua kama kawaida. Msimu uliofuata kilikuwa kimekua. Ndege walitua hewani, pasipo na kitu, wakajenga viota hapohapo. Majani yalidondoka kutoka hewani, yakaoza, udongo ukawa mweusi, laini kama unga. Jirani mmoja alilalamika kwamba kivuli kinavuka mpaka na kudumaza maharage yake. Mama Pacha akachukua panga, akapogoa hewani mpaka jirani aliposema inatosha.

Bwana shamba aliporudi, alikaa kivulini, akanywa maji, akasifu udongo. Kisha akasema kwa masikitiko kwamba wakubwa wake wanahesabu mashina. Akamweka Mama Pacha katika fungu la wakulima waliokataa miti.

Mwaka ule ghala lilijaa hadi mlangoni. Shemeji akaja tena, akakaribishwa, akala, akanawa. Akaeleza kwamba mwanawe anaoa, na shamba sasa limepona. Kijana hawezi kuanzia maisha kwenye mawe. Mama Pacha atapewa kipande kule kwenye machimbo ya kokoto.

"Na kivuli?" akauliza.

"Kivuli kimeota kwenye ardhi yetu, shemeji."

Majirani waliitwa kushuhudia. Hakuna aliyebisha. Aliyelalamikia maharage alitazama chini.

Siku ya kuhama, Mama Pacha alikata tawi moja hewani, akalibeba begani kwa uangalifu, akalichomeka kati ya mawe na kulimwagilia. Kwa siku chache kilionekana kivuli chembamba, kama cha fimbo. Kisha kikakauka. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Msimu wa kupalilia, mke wa shemeji, mama wa kijana yule, alimwomba akamsaidie mkwe mgeni. Akaenda. Bibi harusi alikuwa akilima kivulini, mwepesi, akiimba chinichini. Walipopumzika, binti aliokota jani lililodondoka, akaligeuzageuza kiganjani.

"Mama, huu ni mti gani? Naupenda. Nami nataka kupanda wangu, pale karibu na jiko."

Mama Pacha alimwondolea jani jingine lililonasa kwenye nywele.

"Muulize mumeo kwanza," akasema, wakaendelea kulima.