Bei ya Kifua

Kwetu dawa isiyolipwa haiponyi. Mganga wa miti shamba hachimbi hata mzizi kabla hajawekewa kitu mkononi, iwe yai, iwe kipande cha kitambaa. Kwa hiyo Serikali ilipotuletea dispansari karibu na maporomoko, na shemeji yangu Augustin akavaa koti jeupe, hakuna aliyeuliza kwa nini tunatoa. Minyoo ilikuwa mayai. Malaria, kuku. Buba, kwa sababu ya sindano, samaki mkubwa. Kifua kilikuwa ghali kuliko yote.

Binti yangu Delphine akashikwa na kifua. Alihema kama mbwa aliyetoka mbioni, mbavu zikiingia ndani. Augustin aliweka sikio mgongoni mwake, akatikisa kichwa.

"Inataka penisilini, shemeji. Inatoka Ulaya. Kuku haitatosha."

"Sema basi."

"Nafasi yako kule maporomoko."

Kila ukoo wa kwetu una nafasi yake kwenye maji makali, pale tunaposimamisha miti na kufunga mitego ya vikapu. Yangu niliachiwa na baba. Haiuzwi. Hupewa mtu mbele ya wazee, na ikishapewa hairudi. Niliita wazee, nikampa. Kesho yake Évariste, mdogo wa Augustin, alikuwa anafunga vikapu vyake kwenye miti yangu. Delphine akaanza sindano, homa ikashuka kidogo. Nilimshukuru yule mtu kwa mikono miwili.

Halafu nikasikia mtoto wa Colette, binamu ya mke wangu, naye ana kifua huko Lubunga. Nilivuka mto na samaki wa moshi, niliowaomba kwa jirani, ili Colette asiende kwa munganga wa dispansari yao mikono mitupu. Alipowaona alicheka mpaka akashika tumbo.

"Kulipa? Papa Delphine, munganga wetu alikataa hata ndizi! Alisema dawa iko ya Serikali, mutu asilete kitu. Ninyi kule ng'ambo munalipa nani?"

Nilirudi nikamkuta Augustin mezani, dada yangu Berthe akimpakulia.

"Dispansari iko bure," nikasema.

"Nani alisema?"

"Lubunga yote."

Akatoa mwiba mdomoni. "Bon, haya. Ningesema bure, mungekuja? Mungesema iko maji tu. Mulipenda kulipa, mimi nikapokea."

"Rudisha nafasi."

"Uliza wazee kama inarudi."

Nikamgeukia Berthe. Tumbo lililomzaa ndilo lililonizaa, na nafasi ile ndiyo iliyomlisha utoto wake wote.

"Ulijua?"

"Kaka, usipige kelele, majirani wanasikia."

"Ulijua?"

"Évariste naye ana watoto," akasema, akaongeza mchuzi kwenye sahani ya mumewe.

Mwizi wa nje unamfukuza kwa panga. Huyu wa kwangu nilisimama tu nikimwangalia akimimina mchuzi.

Asubuhi nilimfunga Delphine blanketi nikamlaza ndani ya mtumbwi. Angemalizia sindano zake Lubunga, nyumbani kwa Colette. Mimi, nikitoka huko, ningepanda mjini kwa daktari mzungu, mkubwa wa dispansari zote, nimweleze bei zote, kuanzia mayai. Sijui nani alimwambia Berthe. Alikuja anakimbia hadi majini, kitambaa cha kichwa kimeanguka.

"Kaka, ukisema watamfunga! Mimi na watoto tutakula nini?"

"Samaki," nikasema. "Muna nafasi nzuri pale."

Alishika ukingo wa mtumbwi. Niliondoa vidole vyake kimoja kimoja, nikasukuma. Alibaki amesimama, maji magotini, akiita jina langu la utotoni, lile ambalo hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita.

"Papa, shangazi analia nini?" Delphine akauliza.

Nikamwambia anyamaze, asipoteze pumzi.