Samaki Aliyembeba Mvuvi

Mimi huchora vitu ambavyo havijakuwako. Sikuanza leo. Nilisoma hadi darasa la sita, na mwalimu alinichapa kwa kuchora kiboko aliyevaa viatu. Akaniuliza nimemwona wapi. "Sijamwona, mwalimu, ndiyo maana nimemchora." Akaongeza fimbo.

Nilipokuwa bado kwetu Migori, nilichora ukutani mwa kioski kimoja kule Osiri swara mwenye tumbo linalong'aa. Wachimba dhahabu wakadhani ni ramani! Walichimba nyuma ya kioski mpaka choo kikainama. Lambwe nako nilichora mbung'o mkubwa kama fahali, amevaa miwani, anaandika majina ya ng'ombe. Watoto walikimbia, wazee wakacheka, na bado kuna mfugaji aliyeleta ndama wake aandikwe.

Nilipoolewa huku Homa Bay, nikahamia kuchora picha za mashua. Lakini huku mkono wa mwanamke haugusi mashua mpya kabla haijaonja maji. Wanasema utafukuza samaki. Basi mimi huchora nyuma ya kalenda kuukuu, halafu Joash, fundi wa rangi, anainakili picha kwenye mbao za mashua. Na Joash hunakili kila kitu, Mungu ambariki. Siku moja kuku wangu alikanyaga karatasi, naye Joash akapaka nyayo za kuku mashua nzima. Watu wakamsifu: "Joash, nyota hizo umezitoa wapi?" Akajijaza ugali mdomoni.

Mwaka huu Milka, mke wa marehemu Job, mwanangu aliyenifanya niitwe Min Job, yaani mama Job, alipata mashua yake mwenyewe. Akaja jikoni kwangu.

"Mama, nichoree kitu ambacho hakuna mwingine anacho."

Nikamchorea samaki mbuta mnene wa kike, amejifunga leso, anatembea juu ya maji na beseni kichwani. Ndani ya beseni amekaa mvuvi, mdogo, mpole, anaangaza macho. Milka alicheka mpaka akashika ukuta. Joash akaipaka.

Siku ya kuiteremsha mashua ziwani, Omanga, mwenyekiti wa ufuo, alikuja na kopo la rangi nyeupe.

"Joash, futa hiyo. Mashua yenye matusi haishuki hapa."

Mimi nilikuwa nimesimama kando, kama ilivyo desturi. "Tusi ni lipi, jaduong'?" Nilimwita hivyo kwa heshima, ni mzee.

"Min Job, hulioni? Mwanaume anapelekwa sokoni na samaki! Wageni watasema nini?"

"Watasema mmenona."

Wavuvi wakaangua kicheko. Omanga hakucheka.

"Kitendawili, jaduong'," nikasema.

"Min Job, huu si wakati wa..."

"Tega!" wavuvi wakaitikia nyuma yake.

"Watoto wangu wanajulikana ziwa zima, mama yao hajulikani."

Omanga akakuna ndevu. Mtu mzima hakimbii kitendawili mbele ya watu. Akajaribu mawimbi, akajaribu mbu. "Haya, nakupa mji. Chukua Rodi Kopany."

"Na vumbi lote lile? Sawa, nimekwenda Rodi, nimekula nyama, nimerudi. Watoto wangu ni picha za mashua zenu. Hata mamba wako anayepiga gitaa, Omanga, nilimzaa mimi."

Joash akatazama miguu yake. "Ni kweli," akasema.

Omanga alimsukumia Joash kopo la rangi. Halafu akamgeukia Milka. "Hata kama. Picha isipofutwa, hakuna mwanaume atakayepanda mashua yako."

Javan, aliyekuwa amekubali kuvua na Milka, akalaza kasia mchangani.

Milka aliniangalia. Ana watoto wa kulisha, na mashua iliyo mchangani haivui kitu. "Mama," akasema polepole, "labda tumtoe huyo mvuvi tu. Samaki abaki."

Sikumlaumu. Lakini Joash alikuwa ameshachovya brashi. Miaka yote picha zangu zimeitwa za mtu mwingine, nami nikanyamaza. Kufutwa, hapana! Nikavuka mchanga, nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya tumbo la yule samaki. Wanaume walipiga kelele kama wameona nyoka.

"Sasa imeguswa," nikasema. "Ukiipaka nyeupe, itakuwa mashua nyeupe iliyoguswa na mwanamke. Itakusaidia nini?"

Brashi ya Joash ikabaki hewani, inadondosha rangi.

"Basi ioze hapo!" Omanga akasema.

"Mama, umeniulia mashua," Milka akanong'ona.

"Nani alikuwa anakupigia kasia ukienda shule, wewe binti wa kisiwani?" nikamuuliza.

Alikuwa akijipigia mwenyewe, na alijua hilo. Milka akakaza leso kiunoni na kuokota kasia la Javan. Roseline, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akaweka karai lake chini. "Mimi pia najua maji," akasema. Tukaisukuma wenyewe, sisi wanawake, ikaingia ziwani na picha yake.

"Mtarudi mikono mitupu!" Omanga akapaza sauti.

Milka na Roseline walirudi na samaki wachache, wa kukaanga tu. Omanga alitangaza ufuo mzima kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Milka alikuwa anakung'uta nyavu za kesho. Mimi nikawasha jiko, nikamwekea Omanga sahani pia. Mtu akikulaumu huku anatoa miba ya samaki wako mdomoni, sauti hupungua yenyewe.