Nafasi Tupu kwenye Kadi ya Lifti

Ofisini walimwita Bibi Fagio, na jina likamkaa. Mezani pake hukuti hata kikombe, na kwenye kompyuta ndiyo usiseme: akiona mstari umepinda au nafasi imebaki tupu, mwanamke huyu hatulii mpaka airekebishe. Kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu za kampuni ya kutengeneza lifti, na Ijumaa hiyo kazi ikamtia majaribuni.

Lifti namba saba ilikuwa imeporomoka ghorofa mbili na kumvunja karani mmoja mguu. Meneja alitaka kujua nani alikagua breki. Bibi Fagio akaunganisha kadi ya lifti hiyo iliyomo kwenye kompyuta na faili la mafundi, kama alivyokwisha kufanya mara elfu, na jibu likatoka: breki, fundi namba kumi na nne. Huyo alikuwa mdogo wa mumewe. Jumatatu saa nne angesimama mbele ya kikao, na fundi aliyepitisha breki mbovu hunyang'anywa leseni, basi tena, lifti atazipanda kama abiria.

"Mimi nilifanya milango tu, shemeji," alisema jioni ile mezani. Alikuwa akiishi nao mwaka wa pili sasa. "Breki ni za Mzee wa Breki. Mimi na breki wapi na wapi?"

"Mbona kwenye kadi mbele ya milango hakuna fundi hata mmoja?"

"Sasa hayo si uiulize kompyuta yako?"

"Kompyuta haina ugomvi na wewe."

"Basi labda mwenye kompyuta anao." Akacheka, akajiongezea chai.

Kicheko hicho ndicho kilichofanya machale yamcheze Bibi Fagio. Mtu leseni inamtoka mkononi, anacheka nini? Halafu akakumbuka: wiki mbili nyuma alimkuta ofisini amekaa kwenye kiti chake, ati anachaji simu. Jengo zima lina soketi, yeye akaiona ile moja tu! Bila shaka alijua breki ni mbovu, akataka kujifuta, akababaika, akafuta milango. Kadiri alivyofikiri ndivyo ilivyomwingia akilini, na akitaka kuliamini jambo, Bibi Fagio haamini nusu.

Jumamosi aliuhamisha mkoba wake kutoka sebuleni, akauficha ufunguo wa ofisi chini ya mto. Jumapili asubuhi akamnong'oneza mumewe habari za ile chaji.

"Huyo nimemlea mimi," mumewe akasema, akageukia ukutani.

Hilo halikumtosha. Akampigia meneja simu, akamweleza yote, na chumvi kidogo akatia. Alipogeuka, shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani.

"Nilidhani mkoba tu ndio unaonikimbia," alisema. Safari hii hakucheka.

Jumatatu saa moja Bibi Fagio alikuwa keshafika ofisini, peke yake, kutafuta ushahidi wa kummaliza. Programu yao ni ya zamani, lakini haisahau: kila anayeigusa kadi, jina lake linabaki. Akaifungua kadi ya lifti namba saba. Mstari mmoja umebeba kazi zote kwa foleni: kamba, taa, breki, milango. Mstari wa chini umebeba namba za mafundi, nao kwa foleni. Wa kwanza ni wa kazi ya kwanza, wa pili ni wa kazi ya pili, na ni kwa namba hizo kompyuta inakwenda kwenye faili la mafundi kuchukua majina.

Kamba, fundi namba tisa. Sawa. Taa, fundi namba ishirini na moja.

Akasogeza uso karibu na kioo. Ishirini na moja ni Mzee wa Breki, mtu ambaye hata taa ya nyumbani kwake humsubiri mkewe aibadilishe. Huyu abadilishe taa ya lifti?

Akafungua orodha ya waliogusa kadi. Baada ya mafundi kumaliza, iliguswa mara moja tu, mwezi uliopita, na jina lilikuwa lake.

Akakumbuka hata gauni alilovaa siku ile. Taa ilibadilishwa na mlinzi wa jengo, ambaye si fundi wao, kwa hiyo mbele yake hapakuandikwa mtu. Bibi Fagio akaona pengo, likamkera, akalifuta. Waliokuwa nyuma wakasogea mbele hatua moja: mtu wa breki akaangukia taa, mtu wa milango akaangukia breki, milango ikabaki yatima.

Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Hakuna mwingine pale aliyejua kuisoma ile kadi. Angeweza kuirudisha nafasi, akasema mashine ilikosea, na nani angebisha? Alikaa na wazo hilo mpaka wenzake wakaanza kuingia.

Saa nne akasimama mbele ya kikao kabla hajaitwa. "Kadi niliivuruga mimi. Breki shemeji yangu hakuzigusa."

Mzee wa Breki, aliyekaa kati ya mafundi, akainamisha kichwa.

"Si ulinipigia simu jana?" meneja akauliza.

"Nilipiga. Nilimsingizia."

Shemeji yake alichukua kofia yake ya kazi. "Asante, dada," akasema, kama mtu anayemshukuru asiyemjua, akatoka. Kwa miaka miwili hakuwahi kumwita dada. Lilikuwa shemeji tu, na utani nyuma yake.

Jioni chumba cha shemeji kilikuwa kimefagiwa, kitanda kitupu. Mumewe akashika kiti cha tatu cha mezani akipeleke stoo.

"Kiache," Bibi Fagio akasema.

"Kahamia kwa rafiki yake. Nani atakikalia?"

"Kina mwenyewe. Kiache hapo hapo."

Akaandaa sahani tatu, akakaa, akala akikitazama.