Chetezo cha Alasiri

Mwezi wa nne sasa tangu Himid ateleze ngazini na kuvunjika mguu, chini ya kifundo, na mfupa haujaunga. Daktari akauliza tena kama anavuta sigara.

"Mume wangu? Hata ladha yake haijui!" Ghalia alidakia, kwa ukali wa mtu aliyetukaniwa nyumba yake.

Himid akainamia bandeji. Kila alasiri, mkewe akishatoka kwenda kazini, huvuta mbili dirishani, kisha huwasha chetezo na kufukiza udi chumba kizima. Ghalia akirudi hujisifu kwa mashoga zake: mtaa mzima wa Barking, nani mwingine anayefukiziwa nyumba na mumewe?

"Nauliza kwa sababu moshi hubana mishipa ya damu, mfupa ukakosa chakula chake," daktari alisema. "Ikiendelea hivi, tutampasua."

Kwenye basi Ghalia alimshika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Kumbe ni udi wangu, Himid. Mimi ndiye ninayekuumiza. Leo nautupa wote, na chetezo chake."

Himid alijua kwamba hapo ndipo pa kusema.

"Utupe," akajibu.