Kifundo Chekundu

Fundi wa rangi aliinamia picha ya ubao hadi pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta. Mashine ilikuwa imekosea tena: kivuli cha mkwaruzo imekihesabu kuwa rangi ya kahawia. Akasahihisha. Mashine ikajifunza.

Kiwanda kilichapa karatasi zenye sura ya mbao, za kubandikwa kwenye meza za watu wasiomudu mbao. Miaka ishirini na miwili, yeye ndiye aliyeigawa kila picha katika rangi nne, kila rangi na rola yake ya kuchapia. Ubao mmoja ulimla siku tisa na macho yake yote mawili. Mashine ilitumia dakika nne, tena bila miwani. Meneja alimwomba "aielekeze kidogo tu". Kidogo hicho kilikuwa kimeingia mwezi wa tatu, na mzee wa watu alijua fika kwamba anamfundisha atakayekalia kiti chake. Angefanyaje? Hata mama watoto alikuwa hajaambiwa kitu.

Asubuhi hiyo meneja aliingia na karatasi ya sura ya marumaru. Katikati ya weupe palikuwa na kifundo chekundu, kama cha mti.

"Mzee wangu, hii nini?"

"Alama, bosi. Kila ubao niliuwekea kifundo kimoja, chekundu kuzidi kidogo. Akina mama wa kwenye rola wanakitazama ili rangi zote nne ziangukie mahali pamoja, zisipishane."

"Nani alikuagiza?"

"Waliniomba wenyewe. Zikipishana wanafokewa wao."

"Basi umeifundisha mashine kosa. Sasa inakiweka hata kwenye mawe."

"Naweza kukitoa."

"Kitoe. Halafu upite ofisini."

Alikitoa, na ndilo lililomuuma baadaye, kwamba alikitoa kwa uangalifu uleule wa siku zote. Mashine ilishika mara moja.

Ofisini karani alikuwa na barua tayari. Ameharibu kazi kwa makusudi. Ameachishwa kazi, na haondoki na chochote. Tarehe ilikuwa ya wiki iliyopita. Walikuwa wanangoja tu akitoe.

"Na nisiposaini?"

"Baba, mimi natumwa tu," karani alisema, bila kumtazama.

Meza ya karani ilikuwa imebandikwa karatasi ya kiwanda. Fundi aliujua ubao ule, akaujua na mwaka wake. Kifundo chekundu kilikuwa pale pale alipokiweka. Karani aliisogeza barua ikakifunika, akamwonyesha kwa kidole pa kusaini.