Sifuri ya Mkuu

Alikipangusa kichupa cha kioo kwa kitambaa laini, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku. Hakikuwa na alama ya kidole hata moja. Akakirudisha ndani ya fotometa, akafunika, akabonyeza kitufe, akasubiri namba. Ikatokea ileile. Nitrati ilikuwa mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa.

"Mungu wangu," mpimaji alijisemea.

Maji yale yalitoka kwenye kisima kipya cha mtaa wa bondeni, na tangu asubuhi alikuwa akiomba kosa liwe lake. Alisuuza upya. Alifungua pakiti nyingine ya poda inayoonesha nitrati kwa rangi, akatikisa, akasubiri, na maji yakageuka tena rangi ya chai. Fotometa haina maneno mengi: inapitisha mwanga kwenye kichupa, rangi ikikolea, mwanga unaopenya unapungua na namba inapanda. Ila kwanza lazima uioneshe maji safi kabisa, haya ya betri yasiyo na chochote ndani, na kuiambia, hii ndiyo sifuri. Baada ya hapo inakuamini kwa lolote.

Simu ikalia. Ilikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, anayekaa hukohuko bondeni.

"Wifi, tumeshaanza kuyateka ya kisima kipya. Matamu hayo!"

"Mtoto anakunywa nini?"

"Si maziwa ya unga? Mimi yamenikauka, unajua. Sasa hivi amelala, akiamka namkorogea. Wala usiwe na wasiwasi, maji nayachemsha mpaka yanabaki nusu sufuria."

Mpimaji aliishika meza. Moto unaua vijidudu, hauui nitrati. Maji yakipungua kwa mvuke, nitrati yote inabaki humohumo, imekolea zaidi. Mtu mzima anaweza kuyanywa asihisi kitu, lakini kwa mtoto mchanga damu hushindwa kubeba hewa, na midomo inageuka buluu.

Mlango ukasukumwa. Mkuu wa maabara aliingia na tai mpya shingoni.

"Nakupigia sasa hivi, wifi," alisema na kukata, kisha akajilaani kwa kukata.

"Mgeni rasmi yuko getini na mtu wa redio," alisema Mkuu. "Tayari?"

"Mkuu, maji hayafai. Nimerudia na kurudia. Naona ni mbolea ya yale mashamba ya juu, imeshuka ardhini."

"Hayafai vipi na kisima kinafunguliwa leo?"

"Angalia mwenyewe."

Mkuu aliangalia. Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha mpimaji.

"Hebu sogea." Alikiacha kichupa kilekile chenye rangi ya chai ndani ya mashine, akabonyeza kitufe cha sifuri. Mashine ikatii. Akabonyeza cha kupima. Sifuri. "Umeona? Shida yenu mnaiogopa mashine." Kisha akashusha sauti. "Mkataba wako uko mezani kwangu, sijausaini bado. Usinitie aibu mbele ya watu."

Wageni wakaingia, chumba kikajaa manukato. Mkuu akabonyeza, sifuri ikatokea, makofi yakapigwa. Mtu wa redio akainama na kinasa sauti chake kana kwamba namba ingesema kitu. Mpimaji alimsikia mtoto akiamka, ingawa alikuwa mbali na hakuna masikio ya kufika huko.

"Na yale maji ya betri mnayotumia hapa?" mgeni rasmi aliuliza. "Pima nayo, tulinganishe."

Mkuu akakohoa. Mpimaji akamimina maji ya betri, akapangusa, akabonyeza. Namba ikaja na alama ya kutoa mbele yake: sifuri ya Mkuu ilikuwa ya maji machafu, na masafi yakashuka chini yake.

"Chini ya sifuri? Maana yake nini?"

Wote wakamgeukia yeye. Akafungua mdomo.

"Maana yake, mheshimiwa," Mkuu akamuwahi, "maji yetu yamekaribia ya betri, na mashine nayo imezeeka. Tunaomba mpya."

Wakacheka. Mgeni rasmi akaahidi mashine. Mpimaji akafumba mdomo, na alijichukia kama hajawahi kujichukia.

Walipotoka kwenda kukata utepe, alikimbilia ngazi za nyuma, akapiga simu.

"Ameamka?"

"Ndiyo kwanza nakoroga. Redio inakusifuni, eti maji kama ya betri!"

"Mwaga, wifi. Usimpe hata tone. Kuchemsha ndiko kunakozidisha. Nunua ya chupa dukani."

Kisha akasikia maji yakimwagika kwenye beseni, akashusha pumzi.

"Wifi, na hawa jirani zangu? Nimewagawia niliyochemsha, wenye vichanga. Mkaa umewaishia."

"Waambie wamwage."

"Wataniona nimerukwa na akili! Redio imesema safi, mimi niseme nani kasema?"

Uani, Mkuu alikuwa akiita watu wajipange kwa picha. "Mpimaji wetu yuko wapi? Jamani, mwiteni!"

Mpimaji akakaa kwenye ngazi.

"Waambie kasema aliyeyapima. Wakibisha, waje hapa getini, waniulize mimi, niwaoneshe. Ila waje leo, wifi. Kesho huenda wasinikute."